Jinsi ya Kuchora Majuto ya Petro kwa Rangi ya Mafuta, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Mbona mtakatifu niliyemchora analia lakini hasikitishi? Mbona Maria chini ya msalaba anaonekana ana usingizi? Mbona nikimkunja uso anakuwa na hasira badala ya uchungu? Tatizo karibu siku zote ni mpangilio wa kazi. Anayeanza hukimbilia machozi na mdomo, ilhali huzuni hukaa kwanza mabegani, kisha kwenye ncha za ndani za nyusi, kisha mikononi. Machozi ni kitu cha mwisho kabisa, na picha nyingi haziyahitaji.

Hapa tutafuata picha moja tangu turubai tupu hadi vanishi: Petro baada ya kumkana Bwana, kichwa na mikono tu, kwenye turubai ya sm 40 kwa 50. Petro anafaa kwa mazoezi kwa sababu Luka 22:61–62 inampa mchoraji kila kitu: Bwana anageuka na kumtazama, Petro anakumbuka, anatoka nje, analia. Ukimweza huyu, Maria Magdalena na Mama wa Mateso wanafuata njia hiyo hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Turubai ya sm 40 × 50 iliyokazwa kwenye fremu, praima nyeupe ya akriliki (rangi ya kuandaa turubai), na msasa laini.
- Rangi za mafuta: nyeupe ya titani, oka ya njano (njano ya udongo), siena iliyochomwa (hudhurungi nyekundu), amba mbichi (hudhurungi iliyokolea), nyekundu ya kadimi, alizarini (nyekundu iliyokolea), bluu ya altramarini, nyeusi. Nane zinatosha. Mwenye tyubu ishirini huishia kuchanganya matope.
- Mafuta ya kitani, tapentaini, na vikopo viwili vyenye vifuniko.
- Brashi bapa za manyoya magumu namba 4, 6 na 8. Brashi laini bapa namba 6. Brashi laini ya mviringo namba 1 au 2.
- Kisu cha paleti, matambara ya pamba, mkaa wa kuchorea, kioo cha mkononi.
- Taa moja. Ukiwa na mbili, izime moja.

Tahadhari kabla ya chochote: matambara yenye mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na yakirundikwa pamoja yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yaloweke majini ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, au yatandaze moja moja nje mpaka yakakamae. Fungua madirisha unapotumia tapentaini. Usipige msasa rangi yenye kadimi, na usilambe brashi ili kuichonga ncha.

Hatua kwa hatua

1. Taja hali ya moyo kwa neno moja

"Huzuni" haitoshi, maana kila aina ya huzuni ina mwili wake. Aibu hushusha kichwa na kuficha uso. Msiba hulegeza viungo. Hofu huvuta mwili nyuma. Majuto huukunja mwili, lakini uso unabaki ukitafuta pa kutazama. Mlinganishe Yuda wa Rembrandt (1629), aliyepiga magoti huku vipande vya fedha vikiwa vimetawanyika sakafuni, na Petro anayelia wa El Greco. Wote wawili wamefumbata mikono kwa nguvu. Kinachowatenganisha ni macho: ya Petro yamepanda juu, yamelowa, yanaomba. Andika neno lako, "majuto", nyuma ya turubai. Utakapokwama kwenye hatua ya nane, litakusaidia kuamua.

2. Chora vijipicha sita hadi vinane

Kila kimoja kisizidi ukubwa wa karata, na kiwe na ngazi tatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Usichore macho wala mdomo. Shughulika na mwinamo wa kichwa, mstari wa mabega na mahali mikono ilipo.

Sasa ufunike uso kwa kidole gumba. Kama hisia imepotea, kijipicha hicho hakifai, hata kama uso wake ni mzuri kiasi gani. Katika picha ya Kushushwa Msalabani ya Rogier van der Weyden, iliyoko jumba la Prado mjini Madrid, mwili wa Maria anayezimia umefuata umbo la mwili wa Mwanawe. Msiba unasomeka kutoka upande wa pili wa chumba, kabla hujakaribia kuona machozi, ambayo yamechorwa kwa ustadi mkubwa.

Kwa Petro wetu: bega la kushoto limepanda kidogo kuelekea sikio, kichwa kimeinama upande huo huo, uso umegeuzwa robo tatu kuelekea mwanga, mikono imefumbatana chini ya kidevu. Urefu wa kichwa uwe kama sm 18, macho yakae karibu na theluthi ya juu ya turubai.

3. Amua mwanga unatoka wapi, uandae mfano wa kutazama

Weka taa juu kushoto, nyuzi 45 hivi. Katika tukio hili Bwana yuko nje ya picha, na mwanga utoke upande aliko. Hii si mapambo: inampa Petro mahali pa kutazama, na inampa anayeitazama picha sababu ya kivuli kilichofunika nusu ya uso.

Usimwambie mtu anayekuwa mfano wako "sikitika". Atabinua midomo. Mpe kazi za mwili: toa pumzi yote, usivute nyingine, shusha mabega kisha pandisha moja, inua ncha za ndani za nyusi. Hapa panahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo picha nyingi hupotea.

Nyusi zina miondoko mitatu inayochanganywa. Zikipanda zote, ni mshangao. Zikikutana na kushuka, ni hasira. Ncha za ndani pekee zikipanda huku zikivutana, ni huzuni. Mvutano huo wa mwisho huleta vitu vitatu kwa pamoja, na ni lazima uvichore vyote: nyusi hulala kama paa la nyumba, katikati ya paji la uso pekee hutokea mikunjo mifupi yenye umbo la kwato, na ngozi juu ya jicho huwa pembetatu inayochongoka kuelekea pua. Ukichora nyusi zimelala kama paa bila kuibadilisha ngozi ya juu ya jicho, uso unakuwa kama barakoa.

Watu wengi hawawezi kuinua ncha hizo kwa kutaka. Mfano wako asipoweza, asukume ngozi juu kwa ncha ya kidole. Piga picha, kisha unapochora usikichore kidole hicho.

*Kosa la kawaida:* kuzidisha. Kwa kichwa cha sm 18, kupandisha ncha ya nyusi kwa mm 2 au 3 kunatosha. Ukifika mm 5 umeshaingia kwenye katuni.

4. Andaa turubai

Paka praima mara tatu, kila tabaka kinyume cha lililotangulia, na upige msasa kidogo katikati ya tabaka na tabaka. Uso ulio laini unasaidia kwenye kope na vidole. Ikikauka, paka amba iliyozimuliwa kwa tapentaini, ufute kwa kitambaa mpaka ibaki rangi ya chai ya maziwa. Iache siku moja au mbili. Kwenye turubai nyeupe kila kivuli huonekana cheusi mno, na utaogopa kukifikisha panapotakiwa.

5. Hamisha mchoro

Chora kwa mkaa, kisha upite juu yake kwa amba nyembamba na brashi namba 2, halafu upunguze mkaa kwa kitambaa kikavu. Kagua kwa kioo: geuka, utazame picha kupitia kioo cha mkononi. Jicho lililopanda kuliko jenzake litajitokeza hapo hapo. Lirekebishe sasa, kwa sababu kosa la mchoro halitibiki kwa rangi.

6. Jenga tabaka la msingi kwa rangi moja

Tumia amba mbichi na tapentaini tu, bila mafuta. Paka eneo lote la kichwa na mikono, kisha utoe mwanga kwa kufuta: kitambaa kilichozungushwa kidoleni kwa paji la uso na shavu, brashi kavu kwa pua na vidole. Ongeza kiza kwa amba nzito kwenye tundu la jicho la kulia, chini ya kidevu na nyuma ya kichwa.

Usiende mbele mpaka tabaka hili peke yake lisikitishe. Rangi haitaongeza hisia ambayo mwanga na kivuli havijaileta. Simama mita tatu nyuma, ufumbe macho nusu. Unapaswa kuona maumbo mawili ya mwanga: uso na mikono. Ukiona matatu, moja linaiba macho ya mtazamaji. Mara nyingi ni bega au vazi. Lizimishe.

Liache likauke siku 2 hadi 4.

7. Paka ngozi

Kanuni ya tabaka: lililo chini liwe na mafuta kidogo kuliko lililo juu. Tabaka hili lizimuliwe kwa sehemu 1 ya mafuta ya kitani kwa sehemu 2 za tapentaini. Yatakayofuata, nusu kwa nusu. Ukikiuka, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka.

Changanya kwanza rundo tano kwa kisu kabla brashi haijagusa turubai: mwanga mkali, mwanga wa kawaida, nusu kivuli, kivuli, na mwanga wa kurudi kivulini. Ngozi nyeupe iliyopigwa na jua: oka, nyeupe na kadimi kidogo, nusu kivuli kwa kuongeza amba na chembe ya bluu. Ngozi nyeusi: siena iliyochomwa na altramarini kama msingi, oka kwa kupasha joto, na mwanga mkali uwe baridi, yaani nyeupe yenye bluu kidogo. Anayeongeza nyeupe tupu kwenye hudhurungi atapata ngozi ya vumbi.

Kulia hubadilisha rangi ya uso, na rangi hiyo hutegemea ngozi. Kwenye ngozi nyeupe wekundu hujitokeza kwenye kingo za kope, ncha ya pua na sikio. Kwenye ngozi nyeusi usitafute waridi: kingo za kope hugeuka hudhurungi nyekundu iliyokolea, na dalili kubwa ni mng'ao, unaoongezeka chini ya macho na pembeni mwa pua. Alizarini na siena zinatosha.

Petro amezoeleka na ndevu fupi zenye mvi, nguo ya bluu na joho la njano. Joho lipake oka iliyotulizwa kwa amba. Njano kali chini ya uso uliojaa majuto ni kama kengele ndani ya nyumba ya matanga. Funguo anazozoeleka kuchorwa nazo ziache; hazina kazi usiku ule.

8. Macho na mdomo

Weupe wa jicho usiwe mweupe. Ni kijivu cha uvuguvugu, kiza zaidi chini ya kope ya juu, na chembe ya alizarini kwenye pembe ya ndani. Mboni zikipanda, kope ya chini hubaki na mwanya mwembamba wa weupe chini ya mboni. Ukizidi unapata mtu aliyezimia. Macho yote mawili yatazame mahali pamoja. Weka alama nje ya turubai, juu kushoto, ukague kila jicho kwa rula kuelekea alama hiyo.

Mdomo ufanye kidogo kuliko unavyotamani. Shusha pembe zake mm 1 au 2, acha midomo iachane kwa kiza chembamba, kisha ukunje ngozi ya kidevu kwa vidoa vidogo vya nusu kivuli, kama ganda la chungwa. Kidevu hicho kinasema zaidi ya mdomo. Mdomo uliopanuka kwa kilio, ukitolewa kwenye mwendo na kugandishwa pichani, unafanana sana na kicheko.

9. Mikono

Mikono inahitaji muda sawa na uso, na wengi huipa robo. Matthias Grünewald alimchorea Maria Magdalena, katika Madhabahu ya Isenheim (1512–1516), vidole vilivyofumana na kunyooka kwa uchungu. Hata ukikata kipande hicho peke yake unakielewa.

Chora kwanza mikono yote miwili kama umbo moja la mwanga, kama jiwe. Kisha tenga makundi ya vidole, kisha vidole. Nguvu huonyeshwa kwa mambo mawili: vifundo vinavyopauka pale ngozi inapovutika, na nyama ya kiganja inayobonyea chini ya ncha za vidole. Mikono iliyofumbatana bila kubonyea ni ya mtu anayesubiri zamu yake.

10. Kingo

Ukingo mkali huvuta jicho. Uweke mahali patatu tu: kope ya juu ya jicho la upande wa mwanga, ncha ya ndani ya nyusi hiyo, na kidole kimoja au viwili. Kwingine pote pitisha brashi laini kavu juu ya rangi mbichi, upande wa kivuli hasa, mpaka nywele, sikio na bega viyeyuke kwenye giza la nyuma. Caravaggio alitumia giza namna hii katika Kukana kwa Petro (1610): karibu hakuna kitu nyuma, hivyo jicho halina pa kukimbilia ila vidole vinavyomshutumu na mikono yake aliyoielekeza kifuani mwake.

Acha picha ikauke walau wiki moja. Gusa kwa kidole kwenye ukingo wa turubai, si usoni.

11. Zamisha vivuli kwa tabaka angavu

Changanya alizarini na amba chembe, uzimue kwa mafuta na tapentaini nusu kwa nusu mpaka iwe kama chai nyepesi. Ipitishe juu ya tundu la jicho, chini ya shavu na upande wa kivuli wa shingo, ufute ziada. Tabaka moja, likauke, kisha uone. Kivuli kinapata joto na kina ambacho rangi nzito haikipi.

12. Machozi, kama bado yanahitajika

Anza na mstari mwembamba wa mwanga juu ya ukingo wa kope ya chini, uliokatika mahali pawili. Rudi nyuma. Mara nyingi hapo umemaliza.

Ukitaka tone, ngozi iwe imekauka kabisa. Tone la mm 2 au 3 lina sehemu nne: upande ulioelekea taa ni kiza kidogo kuliko ngozi, ndani ya kiza hicho kuna nukta ndogo ya nyeupe, upande wa pili wa tone kuna mwanga wa joto, kwa maana nuru imepita ndani ya maji, nje ya hapo kuna uzi wa kivuli juu ya ngozi. Wanaoanza hupaka tone lote jeupe, likaonekana kama chembe ya wali. Njia ya chozi ifuate mviringo wa shavu kando ya pua, ikatike pale penye mkunjo. Tone moja, mawili kwa wingi, na yasiwe sambamba.

13. Ukaushaji na vanishi

Ihifadhi picha mahali penye mwanga na hewa, pasipo vumbi. Gizani mafuta ya kitani hugeuka njano zaidi. Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12, kutegemea unene wa rangi.

Yanapoharibika

*Anaonekana mgonjwa, si mwenye majuto.* Ngozi ina kijani au kijivu kingi kwenye nusu kivuli, au kope za juu zimeshuka mno. Pasha joto nusu kivuli kwa siena, fungua jicho kwa mm 1.

*Ana hasira.* Ncha za ndani za nyusi ziko chini. Usiongeze mikunjo; futa nyusi kwa rangi ya ngozi uzipake upya juu zaidi.

*Ana usingizi.* Mabega yamelegea na mikono pia. Majuto yana mvutano mahali fulani. Rudi kwenye vifundo vya vidole na mshipa wa shingo.

*Anaigiza.* Kila sehemu inalia kwa sauti moja: nyusi, mdomo, mikono, machozi. Punguza mbili kati ya hizo. Anza na mdomo.

*Macho yanatazama njia mbili.* Usirekebishe yote mawili kwa zamu, hutamaliza. Chagua lililo sahihi, lifunike kwa kipande cha karatasi, urekebishe jingine kwa rula.

*Sehemu za giza zimefifia na hazing'ai.* Tabaka la chini limefyonza mafuta. Zikishakauka, paka mafuta ya kitani kidogo mno kwa kitambaa, ufute karibu yote, kisha uendelee kupaka rangi siku hiyo hiyo.

*Rangi inateleza na kujikusanya kama maji juu ya jani la mgomba.* Tabaka la chini lina mafuta mengi au limeng'aa. Lifute kwa tapentaini kidogo sana, au subiri zaidi.

*Nyufa ndogo kwenye kivuli baada ya wiki chache.* Ulipaka nyeusi au alizarini nene chini, zote zikiwa nzito kukauka, kisha ukafunika kwa rangi inayokauka haraka. Picha hii haitapona vizuri. Kwenye inayofuata tumia amba kwa giza la chini; hukauka upesi.

*Kila ukiongeza kazi hisia inapungua.* Linganisha na kijipicha cha hatua ya pili. Kama kijipicha bado kinagusa na picha haigusi, umepoteza mwinamo wa kichwa au mstari wa bega, ambavyo husogea kidogo kidogo kuelekea wima bila mchoraji kujua. Pima pembe kwa penseli kwenye kijipicha, uihamishe turubaini, na uwe tayari kufuta sikio ulilolifanyia kazi siku nzima.